Gundi ya Epoksi Yenye Mpira: Unacholipia Dukani na Unachokamilisha Mwenyewe

Katika maduka ya vifaa vya boti na ya vifaa vya ujenzi unaweza kukuta gundi mbili za epoksi kwenye rafu moja, zote za sehemu mbili, resini na hadina, zote zikiahidi kushika chuma, mbao na faiba. Moja inauzwa mara tatu ya nyenzake kwa gramu, wakati mwingine mara tano. Ukigeuza pakiti utaona nguvu ya kushika imeandikwa kwa megapaskali, na namba za gundi hizo mbili mara nyingi zimekaribiana. Mnunuzi anayejali pesa yake anachukua ya bei nafuu, na kwa kazi nyingi za nyumbani anakuwa amefanya vyema. Kwa kazi chache, atarudi dukani baada ya miezi michache akiwa na kiungo kilichobanduka na hasara isiyolingana kabisa na bei ya gundi.

Gundi ya bei ya juu ina mpira ndani yake. Wauzaji wengi hawalisemi, na wanaolisema huliacha hapo, kana kwamba mpira ukishakuwemo kwenye mrija kazi imekwisha. Haijaisha. Mpira ulio kwenye mrija ni malighafi tu. Kinachouzuia ufa ni matone madogo ya mpira yaliyotawanyika ndani ya epoksi iliyokomaa, na kwa gundi nyingi za aina hii matone hayo hayapo wakati unalipa. Yanazaliwa baada ya wewe kuchanganya, katika joto la banda lako, ndani ya saa chache. Fundi anayetoa pesa nyingi kununua gundi hiyo kisha akaikomaza vibaya amenunua epoksi laini kwa bei ya ile inayouzuia ufa. Ndiyo maana kulinganisha bei za gundi hizi bila kujua jinsi matone yanavyoundwa ni kulinganisha nusu ya gharama.

Kushika ni jambo moja, kuuzuia ufa ni jingine

Epoksi ya kawaida ikikomaa ni ngumu na inashika vizuri sana. Bandika vipande viwili vya chuma vilivyolaliana, vivute viteleze, na mara nyingi utachoka wewe kabla ya gundi. Udhaifu wake uko mahali ambapo ufa umekwisha kuanza: pembeni mwa kiungo, kwenye kiputo cha hewa, kwenye mkwaruzo. Ufa ukipata mlango, unapita.

Wataalamu hupima hilo kwa nishati inayohitajika kuusogeza ufa katika eneo la mita moja ya mraba. Kioo cha dirisha kinahitaji joule 10 hivi. Epoksi tupu iliyokomaa vizuri inahitaji kati ya 100 na 300. Epoksi ileile ikitiwa sehemu 10 hadi 15 za mpira kwa kila sehemu 100 za resini, na mpira huo ukajipanga unavyotakiwa, hupita joule 1,000, na baadhi ya michanganyiko hufika elfu kadhaa. Hakuna kiongezeo kingine cha bei ya kawaida kinachobadilisha epoksi kiasi hicho.

Sasa rudi kwenye pakiti. Namba iliyochapishwa mbele karibu kila mara ni ya mteleko, yaani ya vile vipande viwili vilivyolaliana. Katika jaribio hilo mzigo unagawanyika juu ya eneo lote, na epoksi tupu hung'ara. Tofauti inaonekana katika jaribio la kubandua, ambapo mzigo wote unakaa kwenye mstari mmoja wa mbele. Hapo gundi ya kawaida ya haraka mara nyingi haifikii newtoni 1 kwa kila milimita ya upana, wakati gundi nzuri yenye mpira hupita 4. Pakiti inayoonyesha mteleko peke yake imeficha kitu kilekile unachoombwa ukilipie. Mwombe muuzaji karatasi ya kiufundi ya bidhaa, au itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, utafute namba ya kubandua. Kama haipo, usilipe ziada.

Matone yanatoka wapi

Mpira unaotumika si wa tairi. Ni kimiminika kizito, chenye minyororo mifupi ya butadieni na akrilonitrili na vikundi vya kaboksili kwenye ncha zake. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani iliutengeneza na kuuza, na mwaka 1968 Frederick McGarry na mwenzake Willner wa chuo cha MIT walionyesha kwamba kiasi kidogo cha mpira huo huzidisha mara nyingi uwezo wa epoksi kuuzuia ufa. Ncha zile zina kazi maalumu: hushikana kikemia na resini, hivyo tone likishaundwa linakuwa limefungwa kwenye epoksi inayolizunguka. Mpira usio na ncha kama hizo hukaa tu ndani, na ufa hupita kando yake.

Hapa ndipo ninapowaonya mafundi wanaofikiria kusaga tairi na kuchanganya unga wake kwenye epoksi ya bei nafuu. Chenga za tairi ni kubwa mno, haziyeyuki kwenye resini, na uso wake haushikani nayo ipasavyo. Unapata gundi nyingi zaidi, iliyo dhaifu zaidi.

Mwanzoni mpira huo wa maji, yaani wa kimiminika, umeyeyuka kabisa ndani ya resini. Molekuli za resini bado ni ndogo, na molekuli ndogo huchanganyika na nyingine kwa urahisi kwa sababu zina njia nyingi za kujipanga. Ukitia hadina, molekuli za resini zinaanza kuungana, mbili, kisha nne, kisha zinatoa matawi. Kadiri zinavyokua, njia za kujipanga pamoja na mpira zinapungua, hadi mchanganyiko unashindwa kubaki kitu kimoja. Mpira unasukumwa nje ya resini na kukusanyika kwenye matone. Aliyewahi kuacha tui la nazi kwenye friji usiku kucha ameona kitu cha jamii hii, mafuta yakijitenga na maji. Ila tui hutenganishwa na kutulia na baridi. Katika epoksi kinachotenganisha ni mmenyuko wenyewe. Joto linaweza kubaki palepale na mpira ukajitenga.

Tukio hili linaonekana kwa macho. Gundi yenye mpira isiyotiwa rangi wala unga huwa angavu mara tu baada ya kuchanganywa, baadaye huingia ukungu, na mwisho huwa nyeupe isiyopitisha mwanga vizuri. Ukungu ule ni matone yakiutawanya mwanga. Kipenyo chake kwa kawaida ni mikromita 1 hadi 5, wakati unywele wa binadamu una 70 hivi.

Si lazima matone yaanze moja moja. Takashi Inoue na wenzake huko Japani walionyesha kwamba katika baadhi ya michanganyiko utengano hutokea kila mahali kwa wakati mmoja, mpira na resini zikigawana nafasi kama mtandao wa njia zilizofungamana, kisha njia za mpira zinakatika vipande na kuwa matone. Roberto Williams wa Argentina na Jean-Pierre Pascault wa Lyon, Ufaransa, nao walifanya kazi kubwa kuanzia miaka ya 1980 ya kuhesabu ni lini mpira utajitenga na kwa kiasi gani. Kwa mnunuzi, kazi zote hizo zinakutana kwenye swali moja: je, mpira umejitenga kabla gundi haijaganda?

Maana muda una mwisho. Wakati matone yanakua, resini inazidi kuwa nzito. Inafika hatua inaganda: haitiririki tena, na kila tone linabaki lilipo na ukubwa lilionao. Kwa resini ya kawaida ya bisfenoli A pamoja na hadina ya amini yenye mikono minne, hesabu ya nadharia inaweka hatua hiyo mahali ambapo asilimia 58 hivi ya viungo vya kikemia vimekamilika. Mpira uliojitenga kabla ya hapo ndio matone yako. Uliochelewa, sehemu kubwa yake inabaki imeyeyuka ndani ya resini, na huko hufanya kazi ya kuilainisha na kushusha joto ambalo gundi inaanza kulegea.

Matone yenyewe hufanya nini ufa unapofika? Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mabishano. Kazi za Anthony Kinloch na wenzake Uingereza mwaka 1983, kisha za Albert Yee na Raymond Pearson Marekani mwaka 1986, ziliweka picha ambayo bado inakubaliwa. Mvutano mbele ya ufa huyapasua matone kwa ndani yakawa na matundu, na matundu hayo huiruhusu resini iliyo kati yake kunyumbuka kwa mteleko badala ya kukatika. Anayebeba mzigo mkubwa ni resini. Tone humfungulia njia. Kwa hiyo epoksi iliyofumwa kwa kubana sana, kama zile za kuhimili joto kali, haipati faida kubwa kutoka kwenye mpira. Ukiona pakiti moja ikiahidi joto la nyuzi 200 na pia uwezo mkubwa wa kuuzuia ufa, soma maandishi madogo kwa makini.

Wala mpira mwingi zaidi si bora zaidi. Ukivuka sehemu 20 au 25 kwa mia, kutegemea mchanganyiko, mambo yanaweza kugeuka: mpira unakuwa ndio bahari na epoksi inakuwa visiwa. Kilichobaki hapo ni kitu laini chenye nguvu ndogo. Hata kwa kiasi sahihi unalipa kitu, kwani ukakamavu wa epoksi, ulio karibu gigapaskali 3, hushuka kama robo.

Chaguo zilizopo na bei yake halisi

Gundi ya dakika tano ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo ninayoiona ikitumiwa vibaya zaidi. Inaganda haraka mno, kwa hiyo hata mtengenezaji akitia mpira wa maji ndani yake, muda wa matone kujiunda ni mfupi. Kwa kikombe kilichovunjika mkono, kipande cha kigae, pambo, kitasa cha droo, inatosha na hakuna sababu ya kutumia zaidi. Usiitumie kwenye kitu kinachotikisika kila siku.

Gundi ya kawaida ya saa 24, ya mirija au ya mikebe, ndiyo thamani bora ya pesa kwa watu wengi. Inashika kuliko ya dakika tano na inahimili maji vizuri zaidi. Ukiiwekea kitambaa cha faiba, mzigo unabebwa na nyuzi, na ule udhaifu wa ufa unapungua sana. Anayeziba tundu la boti kwa tabaka za kitambaa pana hahitaji mpira kwenye resini yake. Pesa hiyo ainunulie kitambaa na msasa.

Kisha kuna gundi yenye mpira wa maji, ile ya matone yanayojiunda. Watengenezaji hutumia mbinu mbili kuhakikisha kazi inafanyika kwenye joto la kawaida. Moja ni kuumenyesha mpira na resini kabla ya kufungasha, ili ncha ziwe zimeshikana tayari. Nyingine ni kuuweka mpira wenye ncha za amini upande wa hadina. Mtengenezaji pia huchagua kiasi cha akrilonitrili. Ikiwa asilimia 10, mpira haupatani sana na resini, hujitenga mapema na matone huwa makubwa. Ikiwa asilimia 26, huchelewa na matone huwa madogo. Haya yote yanafanywa kwa kukusudia hadina fulani na joto fulani, kwa kawaida nyuzi 23 au 25. Ukichukua resini ya kampuni moja ukaitia hadina ya nyingine kwa sababu imekwisha au ni nafuu, umevuruga hesabu nzima.

Aina ya nne ina chembe za mpira zilizotengenezwa tayari kiwandani, kila moja ikiwa na kiini laini na ganda gumu linalopatana na resini. Ukubwa wake ni nanomita 100 hadi 300 hivi, na haubadiliki uikomaze gundi kwa joto gani. Kampuni ya Kaneka ya Japani ni mmoja wa wauzaji wanaojulikana wa chembe hizo kwa viwanda. Kwa bei, gundi hizi huwa juu. Kwa maoni yangu, fundi anayefanya kazi kwenye baridi, au asiyeweza kudhibiti joto la kazi yake, anapaswa kuzitazama kwanza, kwa sababu analipia matone ambayo yapo tayari.

Kuna neno moja la Kiingereza kwenye pakiti linalowapoteza wengi. Gundi ya mpira wa matone huandikwa "toughened". Nyingine huandikwa "flexible", na watu huzichukua kama ndugu. Hii ya pili mara nyingi imelainishwa yote, bila matone yaliyojitenga. Inapinda, ni kweli, lakini hulegea chini ya mzigo wa kudumu na mapema zaidi juani. Inafaa kwa vitu vinavyocheza bila kubeba uzito. Kwa kazi nyingi za namna hiyo gundi ya poliyurethani hufanya vizuri zaidi kwa bei ndogo.

Gundi za kukomazwa kwenye tanuri zinabaki kuwa mambo ya viwanda. Magari mengi ya kisasa yameunganishwa sehemu za bodi kwa epoksi yenye mpira inayokomaa kwenye tanuri la rangi, kwa joto la nyuzi 150 na zaidi. Hii inawahusu mafundi wa bodi: kuchomelea karibu na kiungo cha namna hiyo kunaiunguza gundi, na epoksi ya mirija haiwezi kurudisha nguvu ileile.

Hata gundi ya kubandika papo kwa papo, ile ya sianoakrilati, ina toleo lenye mpira. Loctite 480, kwa mfano, ni nyeusi na imetengenezwa kustahimili kubanduliwa na kugongwa. Ni ghali, na kwa kazi ndogo za chuma au sumaku inastahili.

Hesabu ya kiungo kimoja

Chukua kiungo cha sentimita 10 kwa 10, gundi ikiwa na unene wa milimita 0.2. Ujazo wake ni sentimita 2 za ujazo, ambao ni gramu 2.3 hivi za epoksi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, gundi ya kawaida ni shilingi 200 kwa gramu na ya mpira ni shilingi 1,000. Weka bei za duka lako mahali pa hizi. Kiungo kwa gundi ya kawaida ni shilingi 460, kwa ya mpira ni 2,300. Ukiitazama hivyo, mjadala umekwisha, kwani hakuna kiungo chenye maana kisichostahili tofauti ya shilingi 1,840.

Ila huuziwi gramu 2.3. Gundi ya kawaida inauzwa kwa mirija midogo, ya mpira mara nyingi kwa katriji ya mililita 50 yenye gramu zaidi ya 55. Kwa bei zetu za mfano unatoa shilingi 57,000 badala ya elfu chache, bado hujanunua bunduki ya kusukumia wala pua za kuchanganyia, na kila pua inayotupwa inaondoka na mililita kadhaa za gundi ndani yake. Hii ndiyo gharama ya kweli ya mtu mwenye kiungo kimoja. Suluhisho ninaloliamini ni mafundi wa banda moja kununua katriji kwa ushirika, kupanga kazi zao siku moja, na kuchanganya kwa mkono juu ya kibao inapohitajika gundi kidogo. Gundi isiyofunguliwa hudumu mwaka mmoja au miwili kulingana na maelekezo yake, mradi isikae juani.

Weka na glovu kwenye bajeti. Resini ya epoksi na hadina za amini husababisha mzio wa ngozi, na aliyekwisha kuupata hupata shida kila anapozigusa, kwa maisha yake yote. Nimewaona mafundi hodari wakilazimika kuacha kazi hii kwa sababu ya glovu ambazo hawakununua.

Wapi basi ulipe? Nyuma ya boti ya faiba, pale mashine inapofungwa, ni mahali pa kwanza. Ubao ulio ndani ya faiba hutikiswa muda wote, mzigo unavuta kwa kubandua, na mashine inayoning'inia pale ni mali kubwa kuliko gundi ya banda zima. Mabano, vishikio vya kamba na kiungo chochote kinachopigwa na mawimbi viko kwenye kundi hilo. Boti nyingi za faiba zimeundwa kwa resini ya poliesta, si epoksi. Hilo lisikuzuie, kwa sababu epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyosuguliwa. Kinyume chake, poliesta juu ya epoksi, huleta matatizo.

Metali mbili tofauti zilizobandikwa pamoja ni mahali pa pili. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Mita moja ya alumini juu ya chuma, joto likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi adhuhuri juani, hutaka kurefuka karibu nusu milimita zaidi ya mwenzake. Epoksi tupu hupasuka pembeni. Yenye mpira huvumilia zaidi, ingawa kwa urefu wa mita kadhaa ningechukua poliyurethani.

Mpira hauongezi uwezo wa kuhimili joto. Epoksi nyingi zinazokomaa bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na bati au sitaha ya rangi nyeusi juani hufika huko bila shida. Paka rangi nyeupe. Rangi inasaidia mara mbili, kwa kuwa mpira wa butadieni huharibiwa na mwanga wa jua na oksijeni.

Joto la kwanza na joto la pili

Sehemu ya gharama iliyobaki hailipwi dukani. Joto la saa za mwanzo, kabla gundi haijaganda, ndilo linaloamua matone. Mmenyuko huenda kwa kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Dar es Salaam au Mombasa kwenye nyuzi 30, gundi iliyokusudiwa nyuzi 23 inaenda haraka zaidi lakini ni nyepesi zaidi pia, na mpira una nafasi ya kutembea. Njombe mwezi wa Julai, nyuzi zikiwa chini ya 10 usiku, mambo ni magumu: resini ni nzito, matone yanakua kidogo, na mmenyuko unaweza kusimama kabla haujafika mbali. Mkebe uliopashwa moto kwenye maji ya vuguvugu na banda lililofunikwa lenye taa ya joto ni sehemu ya bei ya gundi hiyo. Anayeishi nyanda za juu na hataki gharama hiyo anunue ya chembe zilizo tayari, au atafute hadina iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi na unyevu. Baadhi ya hadina hizo hutengenezwa kutokana na mafuta ya maganda ya korosho. 

Joto la pili linakuja baada ya kuganda. Halibadilishi matone kwa kiasi cha kuhesabika, kwa kuwa yamekwisha kufungwa mahali pake. Linakamilisha viungo vya resini iliyoyazunguka na kupandisha joto ambalo gundi itahimili baadaye. Pwani hili halina gharama: acha kiungo kigande kivulini kwanza, kisha siku ya pili kifunike kwa plastiki nyeusi juani kwa saa kadhaa. Ukikiweka juani kabla hakijaganda, gundi itatiririka na kuondoka kwenye kiungo.

Usiongeze hadina ili kuharakisha. Mafundi waliozoea poliesta hufanya hivyo, kwa sababu kule kichocheo kikizidi kidogo kazi hukimbia tu. Kwenye epoksi hadina ni nusu ya jengo lenyewe. Ikizidi, sehemu yake inabaki bila mwenzi, resini inafumwa kwa ulegevu, na mpira hujitenga kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia.

Wala usikaze jiriwa mpaka gundi yote itoke. Bascom na wenzake katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, miaka ya 1970, walionyesha kwamba gundi yenye mpira inahitaji unene fulani ili eneo la kunyumbuka mbele ya ufa lipate nafasi, na Kinloch na Shaw wakalithibitisha mwaka 1981. Kwa gundi za namna hii unene bora mara nyingi unakaribia nusu milimita, si ule uliobanwa hadi ukawa karatasi. Vipande vifupi vya waya mwembamba ndani ya kiungo vinatosha kulinda nafasi hiyo.

Mwisho, chukua masalia ya gundi uliyochanganya, yatandaze juu ya plastiki yawe ukanda mwembamba, na uyaweke karibu na kiungo yapate joto lilelile. Kesho yake upinde ukanda huo pole pole. Ukipinda na mstari mweupe ukatokea kwenye mkunjo, matone yapo na yanapasuka kwa ndani kama yanavyotakiwa, funga mashine ya boti. Ukikatika ghafla, ukaacha uso laini unaong'aa, ulicho nacho hakina tofauti na gundi ya bei nafuu. Ukipinda kama ngozi bila kuweka weupe wowote, resini haijakomaa au mpira umebaki umeyeyuka ndani yake. Kipe kiungo siku nyingine na joto zaidi, tandaza ukanda mwingine wa masalia kama umebakiwa nayo, na boti ibaki nchi kavu hadi hapo.